Breguet, Fundi Aliyeutia Mwaka Mfukoni

Pale Garsen, mahali barabara itokayo Malindi kwenda Lamu inapokutana na ile inayoufuata Mto Tana kutoka Hola, ukiuliza leo ni lini waweza kupata majibu manne, na yote yakawa ya kweli. Karani wa ofisi ya serikali atakuhesabia kwa Januari na Februari. Mwalimu wa chuoni atakuhesabia kwa mwezi mwandamo, na siku yake yeye huanza jua linapotua, wala si usiku wa manane. Mkulima wa Kipokomo mwenye shamba la mpunga kandokando ya mto atakujibu kwa maji: kwamba mafuriko ya masika yamekwisha pita, au ya vuli yangali njiani. Na mfugaji wa Kiorma atakwambia kama huu ni wakati wa kuwateremsha ng'ombe malka wakanywe mtoni, au wa kuwarudisha nyikani penye majani mapya.

Hesabu zote hizo hukaa pamoja katika mji mmoja, na aghalabu katika kichwa cha mtu mmoja, wala hapana ugomvi. Tumeizoea hali hii hata hatuoni ajabu. Lakini huko Ulaya, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, alikuwako fundi mmoja aliyeitwaa hesabu ya mwaka mzima, siku zake na miezi yake mirefu na mifupi, akaitia ndani ya saa ya dhahabu inayoenea katika kiganja cha mkono. Alipokuwa katikati ya kazi hiyo, watawala wa nchi yake wakaifuta kalenda yenyewe. Fundi huyo ni Abraham-Louis Breguet, na maisha yake yafaa kusimuliwa kwetu sisi wa pwani, kwani ndani yake mna swali ambalo kila taifa hulikabili siku moja: hesabu ya siku ni mali ya nani?

YATIMA WA NEUCHÂTEL

Breguet alizaliwa tarehe 10 Januari 1747 katika mji wa Neuchâtel, ambao leo umo ndani ya Uswisi, lakini siku hizo ulikuwa chini ya mfalme wa Prussia. Ukoo wake ulikuwa wa Waprotestanti wenye asili ya Ufaransa. Baba yake alifariki mwaka 1758, kijana akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja tu. Mama yake akaolewa na mtu wa jamaa ya mafundi saa, na huyo baba wa kambo ndiye aliyemfungulia mtoto mlango wa kazi ambayo baadaye ilimpa jina.

Mwaka 1762, naye ana miaka kumi na mitano, alipelekwa Ufaransa akawa mwanagenzi kwa fundi mmoja wa Versailles, mji wa majumba ya kifalme. Mchana alishika tupa na koleo, jioni akaenda kusoma hesabu katika Chuo cha Mazarin mjini Paris, kwa padri mmoja mwenye elimu aliyeitwa Marie. Padri huyo alimwona kijana kuwa si wa kawaida, akawa anamtaja mbele ya wakubwa wa baraza ya mfalme. Hapo ndipo Breguet alipopata vitu viwili ambavyo ni nadra kukutana katika mtu mmoja: mkono wa fundi na akili ya mwanahesabu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na huyu alianza kuundwa mapema.

Lakini dunia haikumpa raha. Mama yake na baba yake wa kambo walifariki, akabaki na dada yake mdogo wa kumlea. Mwaka 1775 alimwoa Cécile Marie-Louise L'Huillier, na kwa msaada wa mali aliyokuja nayo bibi arusi akafungua karakana yake Paris, katika kisiwa kilichomo mtoni kati ya mji, penye gati ambalo mpaka leo huitwa Gati la Saa. Mwaka uliofuata wakajaaliwa mtoto wa kiume, Antoine-Louis. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1780 mkewe alifariki dunia, na Breguet hakuoa tena. Alibaki na mtoto wake na kazi yake, na vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomfikisha mwisho wa safari.

SAA ISIYOTIWA UFUNGUO

Siku hizo saa ya mfukoni ilikuwa ni kitu cha kutiwa ufunguo kila siku. Mwenyewe akisahau, kamani hulegea, na saa husimama. Breguet alitengeneza saa yenye uzito mdogo uliokuwa ukipanda na kushuka kila mwenye saa alipotembea, na kule kucheza kwake kukawa kunakaza kamani. Kwa hiyo mtu akitembea, saa yake hujitia ufunguo yenyewe. Hakuwa yeye wa kwanza kulifikiria jambo hilo, kwani mafundi wengine walikwisha jaribu, ila yeye ndiye aliyelifanya likatumainiwa. Mwaka 1780 alimwuzia saa ya namna hiyo mtawala wa Orléans, na mwaka 1782 akamwuzia Malkia Marie Antoinette, mke wa Mfalme Louis wa Kumi na Sita.

Malkia aliipenda kazi ya fundi huyu, na mwenye kupendwa na malkia hupendwa na baraza nzima. Mwaka 1783 akaja afisa wa askari walinzi wa malkia na agizo lisilokuwa na mfano. Jina la afisa huyo halikuandikwa popote. Alitaka saa ambayo ndani yake mtatiwa kila hila ya ufundi iliyojulikana wakati ule, na popote panapowezekana kutumika dhahabu, itumike dhahabu badala ya madini mengine. Bei haikuwekewa kikomo. Muda wa kuimaliza nao haukuwekewa kikomo. Kazi hiyo ikapewa namba 160 katika daftari la karakana.

Agizo lisilo na kikomo cha muda ni neema, na pia ni mtihani. Fundi asiyebanwa na siku huweza kufanya kazi ya kweli. Na huweza pia kuondoka duniani kazi haijesha.

JINSI CHUMA KINAVYOHESABU MIEZI

Tuangalie sasa jambo lililoifanya saa hiyo kuwa ajabu, nalo ni kalenda yake. Saa yoyote yenye tarehe ya kawaida huhesabu moja mpaka thelathini na moja kisha ikarudi mwanzo. Mwezi ukiwa na siku thelathini, mwenyewe hana budi kuisogeza kwa mkono. Februari ndiyo inayosumbua zaidi, kwani mara ina siku ishirini na nane, na kila baada ya miaka minne ina ishirini na tisa.

Saa ya kalenda ya daima haihitaji kusogezwa. Ndani yake mna gurudumu linalozunguka polepole mno, mzunguko mmoja kwa miaka minne, yaani miezi arubaini na minane. Ukingo wa gurudumu hilo hauko sawasawa. Mahali pa mwezi wa siku thelathini na moja ukingo umeachwa juu. Mahali pa mwezi wa siku thelathini pamechongwa pengo dogo. Mahali pa Februari pengo huwa la kina zaidi, na Februari ya mwaka mrefu kina chake hupunguzwa kidogo. Mwisho wa mwezi ukifika, ulimi wa chuma huteremka na kuupapasa ukingo ule, kama mtu apimavyo maji ya mto kwa upondo ajue kama mtumbwi utapita. Kwa kule kuteremka kwake, ulimi hujua ni siku ngapi za kurukwa, na tarehe ya kwanza hujitokeza yenyewe.

Fauka ya hayo, saa namba 160 ilikuwa ionyeshe tofauti ya saa ya jua na saa ya mafundi. Kwani jua halifiki utosini kila siku kwa dakika ile ile. Mara huitangulia saa, mara huchelewa, na tofauti hufikia kiasi cha dakika kumi na sita. Ni mara nne tu kwa mwaka ambapo hizo mbili hupatana. Waadhini wetu wa zamani waliolitazama jua ili kujua adhuhuri walikuwa wakiifuata saa ya jua, na Breguet alitaka saa yake imwonyeshe mwenyewe zote mbili.

Hata hivyo, kalenda ya daima si ya daima kweli. Hesabu ya miaka iliyotengenezwa Roma mwaka 1582 husema kwamba mwaka wa kutimiza karne hauwi mrefu ila ugawanyike kwa mia nne. Kwa hiyo 1800 haukuwa mrefu, wala 1900, na 2100 hautakuwa. Gurudumu la miaka minne halijui hayo. Siku hiyo ikifika, hapana budi mkono wa mwanadamu uisahihishe saa.

Na kwa mwezi wetu mwandamo, kazi ni ngumu zaidi. Fundi hodari aweza kutengeneza magurudumu yanayoonyesha mwezi unavyokua na kupungua, na wengi wamefanya hivyo. Lakini mfungo na mfunguo kwetu huanza kwa kuonekana mwezi, na kuonekana kwataka jicho na shahidi. Chombo hukisia. Hakiwezi kutoa ushahidi.

MAPINDUZI YALIPOIPINDUA KALENDA

Mwaka 1789 moto wa mapinduzi ukawaka Ufaransa. Mfalme akaondolewa, na Septemba 1792 nchi ikawa jamhuri. Breguet alikuwa mtu wa kupenda mageuzi, na miongoni mwa rafiki zake alikuwamo Jean-Paul Marat, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa nchi ile ile ya Neuchâtel na mmoja wa viongozi wakali wa mapinduzi. Husimuliwa kwamba siku moja wawili hao walikuwa katika nyumba ya rafiki, na nje umekusanyika umati ukidai kichwa cha Marat. Breguet akamvika nguo za bibi kizee, wakatoka wameshikana mikono, wakapita katikati ya watu bila kutambuliwa. Wema hauozi. Mwaka 1793 ilikuwa zamu ya Breguet kuwa hatarini, kwa sababu ya kule kuwafanyia kazi wafalme, na ni kwa msaada wa Marat alipata hati ya kumtoa nchini. Marat mwenyewe aliuawa Julai mwaka huo. Breguet na mwanawe wakakimbilia Uswisi, karakana ya Paris ikabaki nyuma.

Tarehe 5 Oktoba 1793 watawala wa Paris wakapitisha sheria ya kuifuta kalenda ya zamani. Miaka ikaanza kuhesabiwa upya tangu siku ya jamhuri, 22 Septemba 1792. Kila mwezi ukapewa siku thelathini kamili, na mwisho wa mwaka zikaongezwa siku tano, au sita kwa mwaka mrefu. Juma la siku saba likaondolewa, mahali pake likawekwa fungu la siku kumi. Miezi ikapewa majina ya ukungu, theluji, upepo na mavuno ya zabibu, mambo ya shamba la karibu na Paris. Hata saa haikusalimika: siku iligawanywa saa kumi, kila saa dakika mia, na kila dakika sekunde mia. Adhuhuri ikawa saa tano. Mafundi walitengeneza saa zenye uso wa hesabu mbili, ya zamani na ya jamhuri, kwani watu walikuwa wamepotea.

Siku kumi na moja baada ya sheria hiyo, tarehe 16 Oktoba 1793, Malkia Marie Antoinette akakatwa kichwa. Saa aliyoagiziwa ilikuwa imekwisha timiza miaka kumi mikononi mwa fundi, nayo haijesha. Mwenye saa hayuko, na kalenda iliyokusudiwa kuwamo ndani yake imepigwa marufuku katika mji ilikoanzwa kutengenezwa.

Msomaji wa pwani akiisoma habari ya mafungu ya siku kumi huenda akatabasamu. Wazee wetu, mabaharia na wakulima, walikuwa na mwaka wa Nairuzi, wenye siku mia tatu na sitini na tano. Waliugawa kwa miongo thelathini na sita, kila mwongo siku kumi, na zikabaki siku tano za mwisho. Kwa miongo hiyo walijua lini kusi itashika, lini kaskazi italeta majahazi, na lini mbegu itiwe ardhini. Mpaka leo watu wa Makunduchi, Unguja, husherehekea Siku ya Mwaka kila Julai. Basi kile walichodhani wenye hekima wa Paris kuwa ni uvumbuzi wa akili mpya, nahodha wa Lamu alikuwa akikitumia bila kujisifu.

Tofauti iko moja, nayo ni kubwa. Nahodha wetu hakuifuta Ijumaa kwa ajili ya mwongo, wala hakuukataa Mfunguo Mosi kwa ajili ya Nairuzi. Jua alilipa kazi yake na mwezi akaupa kazi yake. Paris ilitaka hesabu moja imeze nyingine zote. Mfanyakazi aliyezoea kupumzika siku ya saba sasa alitakiwa aingoje ya kumi, na muumini aliyetaka kwenda kanisani Jumapili aliambiwa hakuna tena siku ya jina hilo. Watu wakaitikia kwa mdomo, moyoni wakaendelea kuhesabu saba.

KURUDI NA KUANZA UPYA

Breguet alirudi Paris mwaka 1795. Saa za kumi kwa siku zilikuwa zimekwisha simamishwa Aprili mwaka huo huo, baada ya kushindwa. Karakana yake aliikuta imeharibika, na wateja wake wa zamani wameuawa au wamekimbia. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alianzisha saa ya bei nafuu, yenye akrabu moja tu, ambayo mnunuzi alitoa robo ya fedha mwanzo na kulipa iliyobaki saa ikiwa tayari. Akatengeneza pia saa za kusomwa kwa kupapasa, ambazo mtu aliweza kujua wakati gizani, au mbele ya wageni bila ya kuonekana akitazama saa.

Wateja wapya wakaja, na mmoja wao anatuhusu sisi kwa karibu. Mwaka 1797 aliwasili Paris balozi wa dola ya Kiothmani, Esseid Ali Effendi. Akawa rafiki wa Breguet, na kwa mkono wake saa nyingi zikaagizwa kwenda Istanbul, zenye tarakimu za Kituruki na rangi za kupendeza. Waothmani walikuwa wakihesabu saa kuanzia jua linapotua, na ilipotimu magharibi ndipo akrabu zilipowekwa saa kumi na mbili. Waliendelea hivyo hadi 1926. Ni hesabu ya jamaa moja na yetu, ila sisi Mungu ametupunguzia kazi. Huku Garsen, karibu na mstari wa ikweta, magharibi ya Juni na ya Desemba hazitofautiani ila kwa dakika chache. Mturuki ilimbidi airudishe saa yake kila mara, kwani jua la Istanbul huchelewa sana kiangazi na kuwahi sana kipupwe.

Aprili 1798 jenerali kijana aliyeitwa Napoleon Bonaparte alifika dukani akanunua vitu vitatu, kimojawapo saa ya safari yenye kalenda na kengele. Wiki chache baadaye akapanda merikebu kwenda kuivamia Misri. Huko hata yeye, mtumishi wa kalenda mpya, ilimbidi matangazo yake kwa watu wa Misri yatiwe na tarehe ya Hijra, kwani nani mjini Kairo angejua mwezi wa zabibu wa Paris ni upi?

Mwaka 1801 Breguet alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake mkubwa kuliko yote. Aliona kwamba saa ya mfukoni husimama wima mchana kutwa, na uzito wa dunia huuvuta moyo wake upande mmoja, ikakosa. Yeye akautia moyo huo ndani ya kizimba kidogo kinachozunguka, ili kosa la upande huu lifutwe na kosa la upande ule. Akauita uvumbuzi huo kwa Kifaransa jina lenye maana ya kisulisuli. Hati yenyewe iliandikwa tarehe ya kalenda ya jamhuri, mwaka wa tisa. Lakini hati hiyo haijamaliza miaka yake kumi, kalenda iliyoiandika ikafa. Napoleon, ambaye sasa ni mfalme mkuu, aliifuta, na tarehe 1 Januari 1806 Ufaransa ikarudia hesabu ya zamani. Ile kalenda iliyokusudiwa kuwa mpya milele ilidumu miaka kumi na miwili na kitu.

Ndani ya karakana gurudumu la miaka minne likawa na kazi tena.

UUNGWANA WA FUNDI

Wanaoitaja habari ya Breguet hutaja kwanza dhahabu na wafalme. Mimi naona kisa cha kumtambua ni kile cha John Arnold, fundi saa wa London. Wawili hao waliheshimiana sana, hata kila mmoja akampeleka mwanawe kwa mwenzake akajifunze kazi, ingawa nchi zao zilikuwa maadui na vita havikwisha baina yao. Arnold alifariki mwaka 1799. Breguet alitwaa saa moja ya rafiki yake, akaitia ndani yake kile kisulisuli chake cha kwanza, akaiandika maneno ya kumbukumbu, na mwaka 1808 akaitoa kwa mtoto wa marehemu. Saa hiyo imo katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Fundi mwenye choyo huficha siri yake hata kwa mwanafunzi wake. Huyu aliitia siri yake ndani ya kazi ya mwenziwe, majina mawili yakakaa pamoja.

Heshima zilimjia uzeeni. Mwaka 1815 akafanywa fundi wa saa za manowari za Ufaransa, na mwaka 1816 akaingizwa katika Chuo cha Sayansi, mahali pa wataalamu wakubwa wa nchi. Tarehe 17 Septemba 1823 akafariki dunia mjini Paris, umri wake miaka sabini na sita, na saa namba 160 haijesha. Aliyeimaliza ni watu wa karakana yake chini ya mwanawe Antoine-Louis, mwaka 1827. Ilikuwa imepita miaka arubaini na minne tangu agizo, thelathini na minne tangu kufa malkia, na minne tangu kufa fundi. Saa iliyotengenezwa ili kujua kila siku ya kila mwezi haikumjua mwenyewe hata siku moja.

Baada ya kupita mikono mingi, saa hiyo ilinunuliwa na Mwingereza David Salomons, mkusanyaji mkubwa wa kazi za Breguet. Binti yake ndiye aliyeanzisha jumba la makumbusho ya sanaa za Kiislamu mjini Jerusalem, lililofunguliwa mwaka 1974, na saa za baba yake zikawekwa humo. Usiku mmoja wa Aprili 1983 mwizi aliingia, akaondoka na saa zaidi ya mia moja, namba 160 ikiwamo. Ikatoweka zaidi ya miaka ishirini. Mwizi alifariki mwaka 2004, na ilikuwa baada ya kufa kwake ndipo saa zilipopatikana. Mwaka 2007 habari zilitangazwa ulimwenguni, na leo saa ya malkia imerudi mahali pake.

HESABU NI AHADI

Tunajifunza nini sisi tulio mbali na Gati la Saa? La kwanza ni subira. Miaka arubaini na minne kwa saa moja ni fedheha kwa mwenye haraka, lakini kizazi kilianza na kizazi kikamaliza, na kazi haikuharibiwa ili iwahi.

La pili ni zito zaidi. Kalenda ni ahadi baina ya watu: kwamba siku hii tutapanda, siku hii tutapumzika, siku hii tutaabudu. Ulimi wa chuma waweza kuitunza ahadi hiyo usiku na mchana, lakini hauwezi kuiweka, wala amri ya wakubwa haiwezi kuiweka peke yake bila ya ridhaa ya wanaoishi kwayo.

Watu wa mto wamelionja jambo hili bila ya mapinduzi. Wakulima wa chini ya Mto Tana walikuwa wakipanda kwa kuyafuata mafuriko, maji yakipwa mbegu inaingia. Kisha mabwawa ya umeme yakajengwa bara, juu ya mto huo huo: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Nchi ilihitaji umeme, na hilo halina ubishi. Lakini tangu hapo maji ya Garsen hayaji kwa mvua peke yake, huja pia kwa mkono unaofungua na kufunga mlango wa bwawa mamia ya kilomita kutoka shamba la mpunga. Mafuriko yaliyozoeleka yakapungua nguvu, na mengine, kama ya 1997 na 1998, yakaja kwa kishindo yakazoa vijiji. Kalenda ya mkulima ilibadilishwa, na yeye hakuulizwa.

Breguet alijua kwamba gurudumu lake litamhitaji mtu mwaka 1800, mtu wa kulitazama na kulisahihisha, na hakuona haya kwa hilo. Wenye kushika milango ya mabwawa nao wangefanya vema kumwuliza mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma maji yaje lini, kabla ya kuyaachia au kuyazuia.